Maziwa na Tumbo

Katika Bukavu maziwa huuzwa ya namna mbili: yasiyoganda, na yaliyoganda, ndiyo mashanza. Watu wazima wengi hupenda mashanza. Wakinywa kopo kubwa la maziwa yasiyoganda, tumbo hunguruma, hujaa hewa, huuma, kisha huharisha. Je, wamerogwa? Hapana.

Maziwa yana sukari yake, jina lake laktosi. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina gramu 50 hivi za sukari hiyo. Kila chembe ya laktosi ni sukari mbili ndogo zilizoungana, kama mbuzi wawili waliofungwa kamba moja. Zikifungwa hivi haziwezi kupita katika utumbo na kuingia katika damu. Lazima kamba ikatwe.

Mwenye kuikata ni kimeng'enya kiitwacho laktasi. Vimeng'enya ni vidogo mno, havionekani kwa macho. Laktasi ni protini, nayo protini ni kama uzi mrefu. Uzi huo umejikunja hata ukafanya kishimo. Laktosi huingia humo kama ufunguo katika kufuli, hukatwa, vipande viwili hutoka, na laktasi hushika chembe nyingine. Mahali pake ni utumbo mwembamba, juu ya vinyweleo vidogo vilivyoufunika kwa ndani.

Mungu amempa mtoto mchanga laktasi nyingi, maana maziwa ya mama yana laktosi kupita ya ng'ombe. Lakini akiisha kuachishwa ziwa, kwa watu wengi wa dunia laktasi hupungua pole pole. Huo si ugonjwa. Mwaka 1974 wachunguzi wawili, Cox na Elliott, waliandika habari za watu wa kandokando ya Ziwa Kivu. Karibu Bashi wote waliopimwa hawakuweza kuisaga laktosi vema. Nao ni wafugaji! Laktosi isiyokatwa huvuta maji, tena hushuka katika utumbo mpana, na bakteri wa huko huila na kutoa hewa.

Wazee hawakujua jina la laktosi, lakini waliyagandisha maziwa. Yakiganda, bakteri hula sehemu ya sukari na kuigeuza kuwa asidi. Ndiyo ule ukali wa mashanza. Jibini la Masisi lina laktosi kidogo zaidi, kwa kuwa nyingi hutoka pamoja na maji yake.

Iko hatari moja. Mtoto mchanga akiharisha sana, vinyweleo vya utumbo huumia, na laktasi hupungua kwa siku kadhaa. Mama mwingine akiona hivi humnyima ziwa, akidhani maziwa yake yameharibika. Hapo mtoto hukosa maji na chakula pamoja, naye aweza kufa. Waganga husema aendelee kunyonya, apelekwe upesi kituo cha afya akapewe maji yenye chumvi na sukari. Vinyweleo huota tena, na laktasi hurudi.