JIPU: LIKANDE, USILIKAMUE

Msomaji mkulima, jipu huonekana kuwa jambo dogo, lakini laweza kumzuia mtu kushika jembe wiki nzima. Likitendewa vibaya laweza hata kumwua. Basi soma somo hili, kisha uwasomee watu wa nyumbani.

Chanzo chake
Jipu haliletwi na kula maembe mengi. Huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hukaa juu ya ngozi na ndani ya pua. Vikipata mkwaruzo au tundu la unywele huingia, na mwili hupigana navyo. Usaha ni mabaki ya vita hivyo.

Tiba ya nyumbani
1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Chemsha kitambaa safi. Maji yakipoa hata mkono uyavumilie, kamua kitambaa ukiweke juu ya jipu.
3. Kanda kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kila siku. Joto huvuta damu mahali pale, na jipu huiva upesi, likapasuka lenyewe.
4. Likipasuka, lioshe, ulifunike kwa kitambaa safi. Kitambaa kilichotumika kichemshwe, wala mtu mwingine asikitumie.

Wengine hupaka asali, shubiri au mwarobaini. Asali huzuia vijidudu, lakini haifiki kwenye kiini cha jipu. Kwa hiyo usiache kukanda.

Makatazo
Usilikamue wala usilitumbue kwa wembe au mwiba, maana usaha waweza kusukumwa ndani mpaka damuni. Usipake mavi ya ng'ombe, kwa kuwa yaweza kuleta pepopunda. Dawa ya josho ni sumu; ni ya kupe, si ya ngozi yako.

Tena, mwenye jipu mkononi asikame ng'ombe. Vijidudu vyake huweza kuingia katika maziwa na kutoa sumu isiyoondoka hata maziwa yakichemshwa, na ng'ombe naye aweza kuugua kiwele.

Enda hospitali bila kukawia
Ikiwa jipu liko usoni au juu ya uti wa mgongo. Ikiwa kuna homa, au uvimbe unaenea. Ikiwa mgonjwa ni mtoto mchanga au ana kisukari. Au ikiwa siku 7 zimepita bila nafuu.

Maswali ya kujikumbusha
1. Kwa nini jipu lisikamuliwe?
2. Ukiwa na jipu mkononi, nani atakama ng'ombe wako kesho asubuhi?