Somo la Silaha Halali: Kuichagua Bunduki ya Marisawa Inayojipakia, na Mipaka Yake



Miongoni mwa maswali tunayoletewa katika mikutano ya polisi na wananchi, limo moja ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba kuliuliza tu ni kosa. Je, raia mwenye nia njema aweza kupata bunduki moja itakayomfaa porini, anapowinda ndege kwa kibali, na pia uwanjani, anapolenga visahani vya udongo? Kuuliza si kosa. Taabu huanza mtu anaponunua kwanza na kuuliza baadaye. Kwa hiyo somo la leo tumeligawa katika sehemu nne: silaha yenyewe, namna ya kuichagua, hatari zake, na sheria inayobadilika mtu avukapo mpaka.

1. Silaha yenyewe

Bunduki ya marisawa, ambayo wengi huiita shotigani, haitoi risasi moja bali punje nyingi ndogo zinazotawanyika kadiri ziendavyo. Ndiyo sababu hutumiwa kwa shabaha inayoruka. Ukubwa wa mtutu hutajwa kwa namba, na namba hiyo ina asili ya ajabu kidogo: ni idadi ya tufe za risasi, zenye upana wa mtutu huo, zinazotimiza ratili moja, yaani takriban gramu 454. Hivyo namba 12 ni pana kuliko namba 20. Mtutu wa 12 una upana wa milimita 18.5 hivi, na wa 20 una milimita 15.6 hivi.

Zipo bunduki za kukunja, zenye mtutu mmoja au miwili, na zipo zinazojipakia zenyewe. Hii ya pili, baada ya kila mfyatuo, hutupa ganda tupu na kuingiza risasi nyingine chemba bila mkono wa mpigaji. Bunduki ya namna hii iliyovuma kwanza ilibuniwa na Mmarekani John Browning, ikaanza kutengenezwa Ubelgiji mwaka 1902. Iliitwa Auto-5 kwa kuwa ilibeba risasi tano: nne ndani ya magazini na moja chemba.

Siku hizi njia kuu za kujipakia ni mbili. Ya kwanza hutumia sehemu ya gesi ya baruti kusukuma pistoni. Bunduki hiyo hupiga bega kwa upole, lakini masizi huingia ndani yake na hudai kusafishwa mara kwa mara. Ya pili hutegemea bunduki nzima inaporudi nyuma kwa nguvu ya mfyatuo, ambapo springi iliyo ndani ya bolti hubanwa kisha hufunguka na kuanzisha upakiaji. Hiyo hubaki safi zaidi na aghalabu ni nyepesi, ila hupiga bega kwa nguvu zaidi, na risasi dhaifu zaweza kuishinda kujipakia.

2. Namna ya kuichagua

Anza na kazi utakayoifanya mara nyingi zaidi, usianze na bunduki. Mwindaji wa kanga na kwale hutembea saa nyingi na kufyatua mara chache, hivyo uzito mdogo humfaa. Mlengaji wa visahani husimama mahali pamoja na kufyatua mara nyingi kwa siku moja. Kwake bunduki nzito kidogo, yenye kutumia gesi, huliokoa bega. Anayetaka yote mawili mara nyingi huridhika na namba 12 ya gesi, yenye mtutu wa sentimita 71 hivi na chemba ya milimita 76. Chemba hiyo hupokea pia risasi fupi za milimita 70. Hata hivyo mnunuzi ahakikishe kwa fundi kwamba bunduki hujipakia vyema kwa risasi nyepesi za gramu 24, ambazo ndizo zitumiwazo katika mashindano ya kimataifa ya visahani.

Jambo la pili ni mbano wa mdomo wa mtutu. Mdomo uliobanwa sana huziweka punje pamoja hadi mbali. Uliobanwa kidogo huzitawanya karibu. Bunduki yenye vipande vya mbano vinavyobadilishwa ndiyo hasa inayostahili kuitwa ya matumizi mengi.

La tatu, na ndilo linalosahauliwa zaidi, ni kitako. Bunduki tupu, iliyokaguliwa na kuelekezwa pasipo na hatari, iinuliwe begani ukiwa umefumba macho. Ufumbuapo, jicho lione uso wa mtutu umenyooka hadi kwenye alama ya mbele. Kama sivyo, kitako hakikulingani, na hutalenga vema hata kama bei ilikuwa kubwa.

Wala wingi wa risasi usikudanganye. Katika mashindano ya kimataifa ya visahani, mpigaji hapakii zaidi ya risasi mbili. Nchini Marekani bunduki ya kuwindia ndege wahamao hutiwa kizibo ndani ya magazini ili isibebe zaidi ya risasi tatu. Anayesisitiza kutaka magazini ndefu kwa ajili ya kwale amesema mengi kuhusu nia yake, nasi tuna haki ya kumuuliza.

3. Hatari zake

Bunduki ya kukunja, ikikunjwa, hata mtoto aliye mbali huona kwamba haiwezi kulia. Inayojipakia haijionyeshi hivyo: kwa nje, yenye risasi na tupu zafanana. Zaidi ya hayo, kila ifyatukapo huwa tayari tena papo hapo, hata mpigaji akiwa amejikwaa au amegeuka kuzungumza na mwenzake. Ile sifa inayoifanya ipendwe ndiyo inayoua watu wa nyumbani.

Kwa hiyo adabu yake ni hii. Bolti ivutwe nyuma na kubaki wazi wakati wowote usiowinda wala kulenga. Kutoa risasi za magazini hakutoshi, kwa maana moja yaweza kubaki chemba; angalia kwa jicho, kisha gusa kwa kidole. Kidole kikae nje ya kifyatulio hadi shabaha ijulikane, pamoja na kilicho nyuma yake, kwani punje ndogo za ndege huweza kufika zaidi ya mita 200. Nyumbani, bunduki ikae ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na risasi mahali pengine penye kufuli yake.

Onyo jingine ni la risasi kuchanganyika. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika mtutu wa 12 huteleza mbele na kunasa. Mpigaji akidhani hakupakia, akaweka ya 12 nyuma yake na kufyatua, mtutu hupasuka karibu na mkono na uso wake. Ndiyo sababu viwanda vingi hulitia ganda la namba 20 rangi ya manjano. Familia yenye bunduki mbili za namba tofauti isiweke kamwe risasi zake katika mfuko mmoja.

4. Sheria na mpaka

Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogondogo, iliyotiwa saini mwaka 2004 na nchi za ukanda wetu, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania, inazitaka serikali kuwazuia kabisa raia wasimiliki raifo zinazojipakia zenyewe. Inataka pia silaha ziwekwe alama na kuandikishwa. Shotigani si raifo, lakini neno “inayojipakia” latosha kukufanya uulize mamlaka ya leseni kabla ya kulipa hata shilingi moja. Leseni ya bunduki ya kukunja haiifuniki bunduki nyingine. Leseni huitaja silaha moja, kwa namba iliyogongwa kwenye chuma chake.

Leseni ya silaha, tena, si kibali cha kuwinda. Hapa Uganda haki hiyo hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori. Tanzania huruhusu uwindaji kwa vibali vyake yenyewe, kwa maeneo na misimu maalumu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Tuseme mkulima mwenye leseni halali anaalikwa na shemeji yake ng'ambo ya Mutukula wakawinde kanga. Anapita njia ya panya, bunduki begani, kwa kuwa shamba la shemeji laonekana kutoka kwake. Hakuiba wala hakumdhuru mtu. Lakini hatua chache baada ya mpaka amekuwa mtu aliyeingiza silaha katika nchi ya watu bila kibali, na akimpiga kanga mmoja, huenda akahesabiwa jangili. Na akimwachia shemeji bunduki hiyo “kwa wiki moja tu,” wote wawili wamo hatarini: mmoja kwa kuitoa, mwenzake kwa kuipokea. Undugu hauna mpaka, silaha inao. Anayetaka kuvuka nayo aombe kibali cha kuitoa huku na kibali cha kuiingiza kule, kisha apite penye forodha.

Maswali ya kujadiliana kijijini

1. Je, katika nyumba yenye silaha halali, nani mwingine ajua ufunguo wa kabati ulipo, na je, anastahili kujua?
2. Bunduki inayojipakia ikiletwa mbele yako, utathibitishaje kwamba ni tupu?
3. Jirani akikuomba bunduki akafukuze nguruwe mwitu shambani usiku, utamjibu nini bila kuuvunja ujirani?

Jadilianeni kwa uwazi, na penye shaka mwiteni afisa wa polisi jamii. Tungependa kuulizwa mara kumi kabla ya ununuzi kuliko kuitwa mara moja baada ya mlio.