Somo juu ya Matendo ya Huruma: Wakimbizi wa Bukavu

Mkatekumeni ajitayarishaye kwa Ubatizo hufundishwa matendo saba ya huruma yaupasayo mwili: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kukaribisha wageni, kutazama wagonjwa, kuwaendea wafungwa, na kuzika wafu. Kuyataja si kazi ngumu. Hata mtoto mdogo huyataja bila kukosa. Ugumu huanza siku ile mgeni asimamapo mlangoni, na chungu cha jioni ni kidogo, wala haijulikani mgeni huyo ametenda nini huko atokako. Siku ya namna hiyo iliufikia mji wa Bukavu.

Mwaka 1994, tangu mwezi wa Aprili, watu wengi mno waliuawa katika nchi ya Rwanda. Waliouawa hasa ni Watutsi, pamoja na Wahutu waliokataa uovu ule. Mwezi wa Julai serikali iliyosimamia mauaji ilishindwa vitani, na watu makundi kwa makundi wakakimbia. Wengi waliuvuka mto Rusizi kutoka Cyangugu, wakaingia Bukavu na mizigo vichwani na watoto migongoni. Mji ukajaa. Walilala kando ya barabara na katika viwanja vya shule, hata pale Alfajiri, kwenye chuo cha Mapadri Wayezuiti. Baadaye makambi yalifanyizwa: Kashusha na Inera kwenye njia iendayo Kavumu, tena Panzi, Nyangezi na penginepo. Watu hao wote walipata 300,000. Miti ya vilima ikakatwa kwa kuni, na wenyeji, ambao wenyewe walikuwa maskini, waliona mashamba yao yakikanyagwa.

Misaada ililetwa na Umoja wa Mataifa na mashirika mengi, na katikati yake ilikuwamo Caritas, mkono wa Kanisa kwa maskini. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni mapendo. Nguvu ya Caritas haitoki katika malori peke yake. Hutoka katika parokia na jumuiya zake, kwa kuwa pale watu hujuana: mjane gani hana blanketi, nyumba gani imepokea wageni kumi. Yeyote aliyewahi kugawa maharagwe na unga mbele ya umati wenye njaa ajua ya kuwa kazi hiyo yataka uaminifu kuliko nguvu. Kikombe kikipunguzwa kidogo tu, maskini wa mwisho katika mstari atarudi na mfuko mtupu.

Lakini palikuwa na jambo zito zaidi. Katika makambi yale walikuwamo pia waliomwaga damu ya jirani zao, na wakubwa wao waliendelea kuwatawala watu na kujitwalia sehemu ya chakula. Basi, je, ilikuwa halali kupeleka unga huko? Watu wema hawakujibu namna moja. Tawi la Ufaransa la Médecins Sans Frontières liliyaacha makambi ya Zaire mwishoni mwa mwaka 1994, lisitake kuwasaidia wauaji. Wengine walibaki kwa ajili ya watoto, wazee na wagonjwa.

Fundisho la Kanisa lasaidia hapa. Bwana Wetu Yesu Kristu, katika mfano wa Msamaria, hakusema kwamba yule aliyelala njiani alikuwa mtu mwema. Alisema tu kwamba alijeruhiwa. Njaa ya mtoto haipungui kwa sababu baba yake ni mkosefu. Hata hivyo huruma haiifuti haki: muuaji apewe chakula, kisha apelekwe mbele ya hakimu. Kumlisha na kumficha ni mambo mawili mbalimbali, na pale makambini yalichanganywa mno.

Askofu Mkuu wa Bukavu siku hizo alikuwa Christophe Munzihirwa, Myezuiti, aliyezaliwa mwaka 1926. Aliwatetea wakimbizi, akataka warudishwe kwao kwa usalama. Tena hakuogopa kuwakemea askari wa Zaire walionyang'anya raia mali zao. Vita vilipoukaribia mji, mwezi wa Oktoba 1996, wakubwa wa serikali walikimbia. Yeye alibaki na watu wake. Jioni ya tarehe 29 Oktoba, pale Nyawera, askari walilisimamisha gari lake. Yasimuliwa kwamba alishuka akiwaendea, na msalaba mkononi. Wakamwua. Mwili wake ulilala barabarani hata siku ya pili, ndipo ulipochukuliwa. Amezikwa penye kanisa kuu la Bukavu. Makambi nayo yalivunjwa kwa silaha, na wakimbizi wengi walifia msituni walipokimbilia upande wa magharibi.

Taabu haikuisha na mwaka ule. Mwezi wa Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, maghala ya shirika la chakula la Umoja wa Mataifa yaliporwa, na karibu tani 7,000 za chakula zikapotea. Chakula hicho kilikuwa cha watu waliokimbia vita. Amri ya saba yakataza kuiba kwa mtu yeyote. Lakini autwaaye unga wa mkimbizi huiba na uhai wake, hivyo huikaribia amri ya tano.

Maswali. Mwanamke mkimbizi aomba mahali pa kulala, na majirani wasema mume wake ni mwuaji: mkatekumeni afanye nini usiku ule, na afanye nini asubuhi? Mgawaji wa unga ajiwekea vikombe viwili kila siku: arudishe nini, na kwa nani? Wale waliouchukua mwili wa Askofu Mkuu pale Nyawera walitimiza tendo gani katika yale saba?