Mtoto Asiyegeuka

Yuko mtoto ambaye mtu aingiapo chumbani hainui macho, wala aitwapo hageuki. Watu husema upesi, “Ana kiburi,” au, “Amerogwa.” Huenda mtoto huyo ana usonji. Na tujifunze jambo moja, tusije tukamhukumu bure.

Mwaka 1973 Gunnar Johansson, mtaalamu wa Uppsala katika nchi ya Uswidi, alieleza jaribio lake. Alitia nukta za nuru 10 au 12 kwenye viungo vya mtu: mabegani, viwikoni, magotini na penginepo, kisha mtu yule akaenda gizani, zikaonekana nukta tu. Aliposimama, watazamaji hawakutambua kitu. Alipotembea, mara wakamwona mtu.

Mwanzo wa uwezo huu twazaliwa nao. Mwaka 2008 wataalamu wa Italia waliwaonyesha watoto wachanga wa siku mbili nukta ziendazo kama kuku, na nyingine ziendazo ovyo. Wakazitazama zaidi zile za kuku, nao kuku hawajamwona kamwe.

Mwaka 2009 Ami Klin na wenzake, katika Marekani, walitoa habari za watoto wa miaka miwili. Upande mmoja nukta zilionyesha mtu achezaye, pamoja na sauti yake. Upande wa pili mtu huyo amepinduliwa kichwa chini, na mwendo wake umerudishwa nyuma. Watoto wasio na usonji walimtazama zaidi aliye wima. Wenye usonji hawakuchagua, isipokuwa katika mchezo wa kupiga makofi: huko walimtazama aliye wima, kwa maana nukta za mikono zilikutana papo hapo sauti iliposikika.

Basi twaona ya kuwa macho yao si mavivu. Yanatafuta mambo yatukiayo pamoja, sauti na mwendo. Ila mwendo wa mtu peke yake hauwaiti kama utuitavyo sisi. Tena watoto hawa hawafanani wote, na kwa watu wazima tofauti hii huwa ndogo zaidi.

Kwa hiyo, mwalimu, usimpige wala usimgeuze uso kwa nguvu. Mkaribie, piga makofi polepole, ungoje. Nanyi wazazi, mpelekeni kwa mganga wa hospitali mapema.

Maswali: 1. Watazamaji walimtambua mtu lini? 2. Kwa nini mchezo wa makofi uliwavuta watoto wale? 3. Je, katika darasa lako yuko mtoto uliyemwita mkaidi?