Kuunganisha C na D: Nakala Kwanza

Diski ya kompyuta iliyogawanywa C na D ni kama ghala moja la mtama, hapa kwetu Dodoma, lililotiwa ukuta katikati. C yenye Windows ikijaa, kompyuta huwa nzito, hata kama D ina nafasi tele.

Windows haiondoi ukuta huku mtama ukibaki salama. Ili C ipanuke, D hufutwa yote. Kwa hiyo fuata utaratibu:

1. Nakili mafaili ya D kwenye diski ya nje, ukayafungue kuhakikisha yanasomeka.
2. Fungua Disk Management, ufute D.
3. Bofya C kwa kitufe cha kulia, chagua Extend Volume. Neno hilo likififia, huenda kuna sehemu nyingine kati ya C na nafasi tupu. Usiifute kwa kubahatisha; mwite fundi.

Umeme usikatike katikati ya kazi: laptopu iwe na chaji.

Swali la kujipima: orodha ya wabatizwa wa kigango imehifadhiwa D pekee. Je, uko tayari kubofya? Hapana. Ukuta hujengwa tena. Majina yaliyofutwa huenda yasirudi.