SOMO: BENKI INAPOFILISIWA, CHAMA HUSIMAMA WAPI?

Chama cha ushirika kinapoweka fedha benki, kwa hakika huwa kimeikopesha benki hiyo. Benki ni mdaiwa, nacho chama ni mdai. Jambo hili huonekana dogo wakati mambo ni shwari, lakini uzito wake hudhihirika siku benki inapofungwa.

Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ya Tanzania ilizifutia leseni benki tano zilizokuwa na upungufu mkubwa wa mtaji. Benki hizo ni Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Njombe Community Bank, Kagera Farmers' Cooperative Bank na Meru Community Bank. Kwa watu wa Arusha na vijiji vya Mlima Meru, jina la mwisho ndilo lililowagusa kwa karibu. Wanaushirika kote nchini nao hawakuweza kupuuza kwamba mojawapo ya benki hizo ilikuwa ya ushirika. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi.

Sheria Zinazohusika

Yafaa kwanza kutofautisha aina za ufilisi. Mtu binafsi aliyeshindwa na madeni huangukia katika Sheria ya Kufilisika, ambayo asili yake ni mwaka 1930. Makampuni yana Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Sheria hiyo imeruhusu kampuni yenye matatizo kuwekwa chini ya msimamizi, ili ipate nafasi ya kujinusuru kabla ya kuvunjwa. Chama cha ushirika hufuata Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013: Mrajis akifuta uandikishaji wa chama, huteua mfilisi wa kukusanya mali na kulipa madeni.

Benki zina njia yake. Kwa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006, Benki Kuu yaweza kufuta leseni na kuteua mfilisi bila kungoja wadai waende mahakamani. Kwa hiyo mwenye amana hapati taarifa ya mapema. Asubuhi hukuta milango imefungwa.

Malipo Hufuata Utaratibu Gani?

Kwanza, kila mwenye amana hulipwa fidia ya bima hadi kiwango kilichowekwa. Mwaka 2018 kiwango kilikuwa shilingi 1,500,000. Mwaka 2023 kilipandishwa hadi shilingi 7,500,000. Pili, kiasi kinachozidi hapo hungoja mfilisi auze mali za benki na kukusanya madeni yake. Gharama za ufilisi hutangulia, na mdai aliyewekewa rehani huitegemea rehani yake. Kinachosalia hugawiwa wadai wengine kwa utaratibu wa sheria, kila mmoja kwa uwiano wa dai lake.

Hapa ndipo makatibu wengi hukosea. Chama ni nafsi moja mbele ya sheria. Kiwe na wanachama 20 au 2,000, akaunti yake ni ya mwenye amana mmoja, na bima yake ni moja.

Chukulia mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa chenye wanachama 240 na amana ya shilingi 30,000,000 katika benki moja. Benki inafungwa, na mwishowe mfilisi anaweza kulipa senti 20 kwa kila shilingi inayodaiwa. Kwa kiwango cha mwaka 2018, chama kingepata bima shilingi 1,500,000, na kutoka katika salio la 28,500,000 kingepata 5,700,000. Jumla ni shilingi 7,200,000. Hasara ni shilingi 22,800,000, yaani shilingi 95,000 kwa kila mwanachama. Kwa kiwango cha mwaka 2023, hasara ingekuwa shilingi 18,000,000, au 75,000 kwa kila mmoja. Bima imeongezeka, lakini haijaondoa hatari.

Tena, mkopo ambao chama kilikopa katika benki iliyofungwa haufi pamoja na benki. Mfilisi hurithi madai yote, na wajibu wake ni kuyakusanya.

Wajibu wa Katibu na Kamati

1. Malipo ya mazao yawafikie wakulima mapema. Fedha iliyokwisha lipwa kwa mkulima haiwezi kukwama katika ufilisi wa benki.

2. Akiba kubwa isiwekwe katika benki moja. Kamati ipeleke pendekezo la mgawanyo huo katika mkutano mkuu.

3. Hesabu za benki zisomwe. Benki hutakiwa kuzitangaza kila robo mwaka. Mtaji unaopungua mfululizo ni dalili ya kuangaliwa.

4. Taarifa za akaunti, stakabadhi na kumbukumbu za kuteua watia sahihi zihifadhiwe vizuri. Mfilisi hulipa dai lililothibitishwa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Si kila benki inayoyumba hufa. Mwaka huo wa 2018 Kilimanjaro Co-operative Bank ya Moshi ilipewa muda wa kuongeza mtaji. Ilinusurika, na baadaye ikawa msingi wa Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025. Wenye hisa wanaoongeza mtaji kwa wakati huokoa benki yao. Wanaochelewa humwachia kazi mfilisi.

Maswali ya Kujadili

1. Amana za chama chenu zimezidi kiwango cha bima kwa shilingi ngapi? Gawanyeni ziada hiyo kwa idadi ya wanachama.

2. Benki ikifungwa kesho, katibu ataonyesha hati zipi?

3. Ni nani katika kamati yenu aliyesoma hesabu za benki mwaka huu?