SOMO LETU: JINA LA MFANYAKAZI LISIHARIBIKE KWENYE KOMPYUTA



Somo la leo linahusu jambo linaloonekana dogo, lakini linagusa haki zetu. Ni herufi zinazoharibika kwenye kompyuta. Mtu anaitwa Désiré. Kwenye karatasi ya mshahara anasomeka DÃ©sirÃ©. Kwenye ukurasa wa intaneti anasomeka D�sir�. Wenzake wanacheka, naye anacheka pamoja nao.

Siku ya kucheka si siku ya kudai. Jina la kwenye karangamuntu, jina la kwa mwajiri, jina la benki na jina la kwenye hifadhi ya jamii (INSS) yakitofautiana, mwenye jina ndiye atakayeambiwa alete uthibitisho kwamba wote hao ni mtu mmoja. Ataambiwa hivyo siku ya ajali kazini, au siku ya pensheni, wakati hana nguvu wala nauli ya kwenda na kurudi Bujumbura. Kwa hiyo tujifunze ugonjwa huu unatoka wapi na dawa yake ni nini.

1. KWA NINI BAADHI YETU TU?

Kando ya ziwa letu, kutoka Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, tunasema Kirundi na Kiswahili. Katika maandishi ya kila siku lugha hizi mbili haziweki alama juu ya herufi. Mtu anayeitwa Hassani, Mariamu au Ndayizeye anapita salama katika kila mashine.

Lakini wengi wetu tuna majina ya ubatizo ya Kifaransa: Désiré, Béatrice, Générose, Espérance, Noël, François. Majina hayo yana alama juu ya e, au mkia chini ya c. Basi katika orodha moja ya wavunaji wa michikichi, au ya wapishi wa sabuni, mstari wa Hassani ni safi na mstari wa Désiré umeharibika. Mashine haikufa. Karani naye huenda hakukosea hata herufi moja. Kosa liko mahali pengine.

2. KOMPYUTA HAIJUI HERUFI, INAJUA NAMBA

Tuchukue mfano wa shambani. Kila mvunaji amepewa namba, na namba hiyo inaandikwa kwenye mikungu aliyokata. Karani wa mizani anasoma namba, anafungua kitabu, anaona ni ya nani. Sasa tuseme mikungu ya shamba la kwanza inasomwa kwa kitabu cha shamba la pili. Namba ni sahihi na mizani ni sahihi, lakini malipo yanakwenda kwa mtu mwingine.

Kompyuta inafanya kazi hivyo hivyo. Haihifadhi herufi, inahifadhi namba. Anayesoma lazima awe na kitabu kile kile alichotumia aliyeandika. Kitabu hicho tukiite jedwali.

Jedwali lililoenea kwanza ni ASCII, lililotolewa Marekani mwaka 1963. Lina namba 128 tu, kuanzia 0 hadi 127. Ndani yake A ni 65 na e ni 101. Lilitengenezwa kwa Kiingereza, nalo kwa bahati linatosha kwa Kiswahili na Kirundi. Lakini é haimo. Ndipo kila mmoja akaanza kuongeza herufi zake juu ya 127. Katika jedwali la kimataifa ISO 8859-1 la mwaka 1987, é ni 233. Katika jedwali 850, lililotumika kwenye kompyuta za zamani za ofisini, é ni 130, na 233 ni Ú. Kwa hiyo Désiré aliyeandikwa kwa jedwali la 1987 akisomwa kwa jedwali 850 anakuwa DÚsirÚ.

Ili kumaliza fujo hiyo, mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Unicode, jedwali moja linalokusudia kubeba maandishi ya dunia nzima. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike walibuni njia ya kuandika namba zake inayoitwa UTF-8. Katika njia hii herufi zote za ASCII zinabaki na namba zao za zamani, moja moja. Ndiyo maana Hassani haguswi. Herufi nyingine zinaandikwa kwa namba mbili, tatu au nne. Herufi é inaandikwa kwa mbili: 195 na 169.

Sasa fumbo linafunguka. Anayesoma kwa jedwali la 1987 anaona namba mbili, anadhani ni herufi mbili. Anatafuta 195, anakuta Ã. Anatafuta 169, anakuta ©. Basi é moja imekuwa Ã©.

3. KUTAMBUA UGONJWA KWA DALILI ZAKE

Ukiona Ã© mahali pa é, Ã¨ mahali pa è, Ã§ mahali pa ç: maandishi ni ya UTF-8, yanasomwa kwa jedwali la zamani. Namba bado ni nzima. Ugonjwa huu unapona.

Ukiona �: maandishi ni ya jedwali la zamani, yanasomwa kama UTF-8. Msomaji amekuta namba asiyoielewa, akaweka alama ya kushindwa. Yanapona pia, ila kwa sharti moja: asiwepo mtu aliyekwisha kuyahifadhi yakiwa hivyo.

Ukiona ÃƒÂ©: kosa la kwanza limerudiwa mara mbili. Dawa nayo itolewe mara mbili.

Ukiona alama ya kuuliza ya kawaida, D?sir?: mara nyingi herufi imekwisha kupotea. Hakuna fundi atakayeirudisha kutoka kwenye faili hilo. Itabidi kurudi kwenye nakala ya zamani au kwenye karangamuntu ya mwenyewe.

4. DAWA

Kwanza, tunza nakala ya faili la asili. Usihifadhi juu yake faili unaloliona limeharibika. Majina mengi hufa hapo: karani anafungua orodha, anaona Ã©, anabonyeza kuhifadhi, na tangu hapo Ã© inakuwa maandishi halisi.

Pili, fuata njia ambayo jina limepita. Kutoka kibodi kwenda kwenye faili, kutoka faili kwenda kwenye hifadhidata, kutoka huko kwenda kwenye ukurasa au karatasi. Tafuta mahali pa kwanza ambapo jina halisomeki sawasawa. Tibu hapo, si mwishoni.

Tatu, kama ni ukurasa wa intaneti, faili lenyewe lihifadhiwe kwa UTF-8, na mwanzoni mwake uwepo mstari huu:

<meta charset="utf-8">

Seva inayotuma ukurasa nayo itangaze UTF-8. Seva ikitangaza jedwali jingine, kivinjari kinafuata neno la seva na kuacha mstari huo.

Nne, kama majina yanatoka kwenye hifadhidata, angalia jedwali lake na la mawasiliano yake. Mifumo mingi hutumia MySQL, nayo kabla ya toleo 8.0 la mwaka 2018 ilianza na jedwali la zamani isipoelekezwa vingine. Siku hizi chaguo sahihi huitwa utf8mb4.

Tano, orodha ya CSV isifunguliwe katika Excel kwa kubonyeza mara mbili tu. Ingia sehemu ya data (Données), chagua kuleta faili la maandishi, kisha kwenye asili ya faili chagua 65001, yaani UTF-8. Wakati wa kuhifadhi chagua CSV UTF-8.

Sita, majina yaliyokwisha kuharibika yasisahihishwe moja moja kwa mkono. Orodha yote irudishwe katika namba za jedwali la zamani, kisha isomwe upya kama UTF-8. Ni amri fupi kwa fundi anayejua. Kusahihisha kwa mkono watu mia tatu ni kuzaa makosa mapya.

5. DAWA YA UONGO

Wapo wanaosema: tuondoe alama zote, tuandike Desire, mambo yaishe. Kuandika majina kwa herufi kubwa bila alama ni desturi ya ofisi nyingi, maana kibodi ya AZERTY ina é kwenye kitufe cha 2, è kwenye 7 na ç kwenye 9, lakini haina kitufe cha É kubwa. Desturi hiyo haina madhara kama ofisi zote zinaifuata sawasawa. Madhara yanaanza pale moja inapoondoa na nyingine inapoacha, halafu mashine inalinganisha majina na kukuta watu wawili. Jina ni mali ya mwenyewe. Lisikatwe kwa sababu ya uvivu wa kuchagua jedwali.

6. WAJIBU WETU

Kila mfanyakazi asome jina lake herufi kwa herufi kwenye karatasi ya kwanza ya mshahara, akilinganisha na karangamuntu. Asiyejua kusoma asaidiwe na mwenzake. Akiona tofauti aombe sahihisho kwa maandishi, abaki na nakala, na karatasi zake za mshahara azitunze.

Tawi nalo liombe orodha ibandikwe kazini kabla ya kutumwa nje, na pembeni mwa kila jina iwepo namba ya mfanyakazi. Namba haina alama juu yake, itamtambulisha mtu hata jina likichafuka.

Na tukijibiwa kwamba mashine ndiyo imekataa, tukumbuke somo hili. Mashine haikatai jina la mtu. Inasoma kwa jedwali iliyopewa, na jedwali huchaguliwa na watu. Yaliyochaguliwa na watu yanaweza kuchaguliwa upya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Kwa nini jina la Mariamu haliharibiki na jina la Béatrice linaharibika?
2. Orodha ikionyesha Ã© tufanye nini kwanza, na tusifanye nini?
3. Katika kazi yetu, ni nani anaandika orodha, nani anaipokea, na je, wanatumia jedwali moja?
4. Wangapi kati yetu jina la kwenye karatasi ya mshahara ni tofauti na la kwenye karangamuntu? Waandikwe leo.